Mhandisi Asiyetazamwa

Mhandisi wa kwanza aliondoka ameshika taya lake kwa viganja viwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi na anaogopa lisimwagike. Nsajigwa, mmoja wa vijana wa machimbo ya mawe, alikuwa amempiga kwa nyundo ya kupasulia mawe, tena si kwa nguvu zote. Mwenyewe alisema kilabuni kwamba alimgusa tu. Meno yalibaki kwenye tope la kijiji cha Lukwego, kuku wakayadonoa wakidhani ni mahindi. Mhandisi wa kampuni ya pili alifika mpaka Ibighi, akaagiza chai, akasikia habari za taya la mwenzake, akageuza gari kurudi Mbeya hata andazi hajalimaliza.

Ikabaki kampuni moja.

Daraja lenyewe ukiliona usingedhani lina thamani ya jino la mtu. Ni la vyuma vya wakati wa Waingereza, limetandikwa mbao, na mbao nazo zilikuwa zimeng'oka hapa na pale mpaka likafanana na mdomo wa yule mhandisi. Nguzo yake moja ilikuwa imeinamia mtoni kama ng'ombe anayekunywa maji. Gari halikupita tena tangu masika ya mwaka juzi. Ndizi na parachichi za ng'ambo zilivuka kichwani, wagonjwa walivuka mgongoni.

Ofisi ya barabara ilikuwa imetangaza zabuni ya kumpata mhandisi mshauri, yaani yule mtaalamu wa kulichunguza daraja na kuchora jinsi litakavyofufuliwa, kabla fundi hajashika hata sururu. Sharti lilikuwa moja: kampuni isiyofika kulitazama daraja juu na chini, mbele ya ofisa, hairuhusiwi kuomba kazi. Na ikifika Ijumaa hakuna aliyelitazama, fedha zinahamia wilaya nyingine. Fedha ikihama haiagi.

Sasa Obed, bwana mwenye machimbo ya mawe, hakutaka mtu achungulie chini ya lile daraja. Machimbo yake yalikuwa hapohapo, kwenye nyayo za nguzo. Alianza kwa kuokota mawe ya mtoni, akaja akachimbua ya ukingoni, mwishowe akawa anachokoa yale yaliyolishika daraja lenyewe. Mhandisi yeyote mwenye macho angeandika jambo la kwanza: mwondoeni huyu. Kwa hiyo Obed alisimama kilabuni, akagonga meza, akasema mhandisi mwingine akikanyaga Lukwego atarudi kwao ndani ya kiroba. Vijana wake wa machimbo wakashangilia. Mtu anayeshinda akivunja mawe huona kichwa cha binadamu ni kitu laini.

Neno hilo la kiroba lilimfikia Atupele, Mama Godwin, akiwa anamenya ndizi. Alimenya mpaka akajikata kidole, akakinyonya, akaendelea.

Binti yake Neema alifia juu ya daraja lile. Alikuwa amejifungua, damu ikakataa kukata. Gari la wagonjwa likaja kutoka hospitali ya Igogwe, likakwama upande wa pili. Wanaume wakambeba na kitanda chake, mvua inapiga, wanatafuta pa kukanyaga ubao kwa ubao, na muuguzi amesimama kule amenyoosha mikono kama anayemngoja mtoto anayejifunza kutembea. Neema alikata roho katikati. Tangu siku hiyo Atupele aliacha kuomba mvua na mavuno. Aliomba daraja.

Na Kyala, Mungu wetu, ambaye naye ana utani wake, akamjibu. Mhandisi wa ile kampuni iliyobaki alikuwa Winfrida, mke wa mwanawe Godwin, wanaoishi Mbeya.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Maana mume wa Atupele, mzee Asajile, ni Mnyakyusa wa kushikilia. Kanisani yumo, ushirika anakula, lakini mila ya mkamwana hakuiacha mlangoni. Mke wa mwanao humtazami, naye hakutazami. Hamkutani njiani, hamzungumzi, hamkai chumba kimoja. Siku ya harusi Asajile alikaa ameikabili kwaya, akapiga makofi pale tu aliposikia wengine wanapiga. Winfrida akija nyumbani husimama nyuma ya mgomba, anakohoa kile kikohozi chake, mara tatu, kikavu, cha adabu. Mzee akikisikia anachukua kofia na kutokea mlango wa nyuma, hata kama mdomoni ana ndizi ya moto. Wajukuu walikuwa wanaingia shule, na babu mtu hajui kama mama yao ni mweupe au mweusi.

Wakati huohuo Asajile ndiye mwenyekiti wa kamati ya daraja, na ndiye mtu pekee ambaye Obed alimwogopa. Katika ujana wake aliwahi kumng'ata sikio mwizi wa ng'ombe, na hakulirudisha. Vijana walimwita Babu Sikio, lakini si mbele yake.

Atupele akaketi akapiga hesabu za kichwani. Mzee asipokuwepo darajani, Obed atawachinja. Mzee akijua mhandisi ni mkamwana wake, hatakuwepo. Basi mzee asijue. Akamwambia mumewe, "Mhandisi anakuja Alhamisi, kijana mmoja wa Mbeya." Akampigia Winfrida simu, akamwambia, "Njoo mwanangu, baba yako siku hiyo yuko shambani." Uongo mmoja kila sikio. Alipanga mzee atakaa kwenye kona ya ukingo, ameyatazama machimbo, panga mkononi, na Winfrida atakuwa na ile kofia ya ujenzi na suruali, wala hawatakaribiana. Ilikuwa mipango mizuri. Iliharibiwa na adabu ya mtu wa Singida.

*

Alhamisi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba. Asajile alikuwa amefika mapema pamoja na rafiki yake Amoni na wazee wengine wachache, kila mmoja na panga la shambani. Walivuka daraja, wakasimama upande wa barabara ya Igogwe ambako gari lingefikia. Atupele alikuwa na birika kubwa la chai, limetoka kwenye mafiga sasa hivi, amelifunga kwa majani ya mgomba lisipoe. Ndiyo kazi aliyosema imemleta.

Obed na watu wake wakapanda kutoka shimoni. Walikuja na nyundo, sururu, na zile nyengo za kufyekea zenye pua iliyopinda. Obed alikuwa mnene, amevaa jaketi jekundu, nyengo yake ameiegemeza begani kama mwavuli.

"Ugonile, tata," alisalimia kwa Kinyakyusa, kwa heshima kabisa.

"Ndaga, Obed. Vijana wako hawana kazi leo?"

"Wanayo. Wanangoja ifike na gari."

"Hapa pana mzee mmoja tu wa kupigwa," alisema Asajile, "naye ni mimi. Mkishamaliza kwangu, mwendelee na mgeni. Nani anaanza? Wewe Nsajigwa? Njoo. Masikio yako naona yamenona."

Nsajigwa alicheka kidogo, akajikuna sikio, akarudi nyuma hatua. Wenzake nao wakarudi. Atupele akiwa amekumbatia birika aliona jinsi woga unavyotembea katikati ya vijana wenye nguvu, akasema moyoni: Itafaulu. Kyala, itafaulu.

Gari la ofisi likatokea kwenye ukungu, likasimama. Akashuka kwanza Reuben, ofisa wa zabuni, kijana mpole wa Singida aliyehamishiwa Tukuyu na ambaye alikuwa bado anaugua baridi. Aliona mapanga, aliona nyengo, akaamua kufanya alichofundishwa kufanya panapokuwa na watu wengi: akaanza utambulisho.

"Shikamoo wazee! Mwenyekiti ni yupi? Ah, mzee wangu, njoo, njoo huku umpe mkono mhandisi."

"Namwona kutoka hapa," alisema Asajile, macho kwa Obed.

"Hapana mzee, ni heshima! Mgeni apokewe. Njoo, haumi."

Atupele akaruka. "Mwache mzee, ana mafua!"

"Nani ana mafua?" Asajile akamkata jicho mkewe. Kuitwa mgonjwa mbele ya Obed! Akahamishia panga mkono wa kushoto, akajifuta wa kulia kwenye suruali, akalielekea gari kwa kifua mbele.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Kikatoka kiatu, buti kubwa la njano lenye matope. Na kabla mguu haujafuata, Winfrida ndani ya gari akauona, kupitia kioo, mkono wa baba mkwe wake unamjia umenyooshwa. Hakufikiri. Mwili wake ulifikiri kwa niaba yake.

Akakohoa. Mara tatu, kikavu.

Asajile alisimama kana kwamba amekanyaga moto. Uso wake, Atupele alisema baadaye, ulikuwa wa mtu aliyefunguliwa mlango wa choo. Akatoa sauti ndogo, akafunika macho kwa kiganja, akageuka, na mzee wa miaka ile, mwenye goti bovu, akachanja mbuga. Panga lilimponyoka njiani. Alilivuka shina la mgomba kama mbuzi, majani yakapiga kelele, akapotea.



Watu wa Obed hawakujua kwamba mhandisi ni mkamwana wake. Walichoona ni kitu kimoja: Babu Sikio amemwona mhandisi, au amemwona Obed, au ameyaona mauti yake, na amekimbia. Hata Amoni, rafiki yake tangu wakiwa wachunga ndama, alibaki mdomo wazi.

"Kumbe ni jogoo wa kuchorwa!" Obed akapiga yowe. "Haya! Kiroba kiko wapi?"

Jiwe la kwanza lilipita kwenye kioo cha mbele. La pili lilimpata dereva kwenye paji la uso, akalala juu ya usukani na honi ikaanza kulia, ikalia, haikunyamaza tena. Wazee wakajaribu kusimama. Mmoja akapigwa mpini wa sururu kwenye mbavu, zikasikika zinavunjika kama kuni kavu. Amoni alirusha panga likamchana kijana mmoja paja, kisha akaangushwa na watatu wakamkalia, wanampiga ngumi za uso kwa zamu, wanapeana nafasi kama wanaotwanga kinu kimoja. Reuben alikuwa chini ya gari. Alifika huko bila mtu kumwona anaingia.

Winfrida alitoka upande wa pili na mkoba wake wa vipimo. Angeweza kukimbilia barabarani. Atupele alimwona akiitazama barabara, akilitazama daraja, akatukana kwa Kiswahili cha Mbeya mjini, akakimbilia daraja. Jiwe likalia kwenye kofia yake, tang! Jingine likampiga mdomoni. Alitema damu huku anakimbia. Nsajigwa akamfikia kwenye mbao za kwanza, akamshika ukosi, akamwangusha chali, akaanza kumburuta kuelekea penye pengo, pale mbao zilipong'oka na maji yanaonekana chini yakichemka kwenye mawe.

"Huyu hata si kidume!" Nsajigwa aliwaita wenzake. "Ni dada!"

"Tupa hivyohivyo!" akajibu Obed. "Mto haubagui!"

Hapo Atupele alifika na birika. Alimwagia Nsajigwa chai yote kuanzia shingoni kushuka mgongoni, ya moto, yenye maziwa, tena aliyoitia tangawizi. Nsajigwa alilia sauti ambayo ng'ombe wa ng'ambo waliijibu. Alipogeuka, bibi akamtandika na birika tupu kwenye pua, akaisikia pua inahama. Akampiga tena ili ihamie vizuri. Kijana akatambaa akirudi nyuma, ngozi ya mgongo inafumuka pamoja na shati.

"Mama!" Winfrida alipiga kelele, mdomo umejaa damu. "Mama uliniambia baba yuko shamba!"

"Si ndiyo yuko shamba! Yuko kwenye migomba ile!"

"Mama, tutakufa hapa!"

Na kweli, Obed alikuwa anakuja, pole pole, nyengo imeshuka kutoka begani. Nyuma yake vijana waliomaliza kazi kwa Amoni. Atupele akaitazama ile migomba. Majani yalikuwa yanatikisika pahali pamoja. Mzee hakwenda mbali. Alikuwepo pale, amekipa kisogo kilio cha wenzake, anajiuma ngumi, hawezi kuja kwa sababu ya macho yake mwenyewe. Mwanamume asiyeogopa nyengo amefungwa na kitu chepesi kuliko utando wa buibui, na aliyemfunga ni mkewe.

Atupele akafungua kitenge chake kiunoni, akabaki na sketi ya ndani mbele ya umma wote, akamtupia Winfrida kichwani, akamfunika kofia, uso, mabega, akamkandamiza chini kwenye mbao.

"Lala! Usitoe hata pua!" Kisha akavuta pumzi akapiga ukelele uliotoka kwenye tumbo lililomzaa Neema. "Baba Godwin! Nimemfunika! Amefunikwa yote! Njooo!"

Jibu lilikuwa mngurumo. Migomba ilipasuka, akatoka. Hakuwa na panga, lilikuwa matopeni. Alikuja na mkungu wa ndizi mbichi alioung'oa sijui kwa nguvu za nani, akamfikia kijana wa nyuma, akambamiza nao kisogoni, akaanguka kifudifudi na ndizi zimetawanyika juu yake. Wa pili aligeuka, akapokea kichwa cha mzee kwenye meno. Wa tatu alikumbuka habari za sikio, akaruka mtoni mwenyewe.

"Obed!" aliita Asajile. Alikuwa amelipata panga lake. "Mtoto wa watu mwache. Si nilisema unaanza na mimi?"

Walikutana mwanzo wa daraja, mahali pembamba. Obed alikuwa kijana zaidi na mnene zaidi, na nyengo ina faida ya pua. Pigo la kwanza Asajile alilipangua, cheche zikaruka. La pili likakata kofia ya mzee na ngozi ya kichwa pamoja, damu ikamfunga jicho. La tatu lilikuwa la chini, la kuvuta, kama mtu anayefyeka shina. Pua ya nyengo ikaingia chini ya kiwiko cha mkono wa kulia, Obed akavuta, mfupa ukalia, mkono ukaning'inia kwa ngozi. Panga likaanguka kwenye mbao.

Obed alitazama alichokifanya. Labda alidhani imekwisha. Asajile akaliokota panga kwa mkono wa kushoto, akampiga kwa bapa gotini, na Obed alipopiga magoti akampiga kwa makali begani, mara moja, kwenye mfupa wa mtulinga. Ulikatika. Jaketi jekundu likazidi kuwa jekundu. Obed alijaribu kuinua nyengo, mkono ukakataa, akaketi akaanza kumwita mama yake, mtu mzima yule.

Vijana wa machimbo walipomwona tajiri wao anamwita mama, wakakumbuka kazi nyingine. Honi tu ndiyo iliyobaki ikilia, mpaka Reuben alipotoka chini ya gari akamwondoa dereva kwenye usukani. Dereva alikuwa hai. Amoni alikuwa hai, ingawa uso wake haukuwa wake.

Atupele alimfunga mumewe mkono kwa kamba ya mgomba, akaikaza kwa kijiti mpaka damu ikapungua.

"Twende hospitali. Gari bado linaweza kwenda. Twende sasa hivi."

"Ameshaliona?" Asajile aliketi kwenye jiwe, mgongo kwa daraja, uso wa majivu.

"Nani?"

"Mgeni wako. Ameliona juu na chini?"

"Baba Godwin, mkono wako unaning'inia!"

"Mkono ni wangu. Nakuuliza daraja." Aliweka panga mapajani, akayatazama machimbo. "Tukiondoka hapa wale wanarudi, na kesho ni Ijumaa. Mwambie ashuke."

Winfrida, chini ya kitenge, alisikia yote. "Mama, mwambie baba siwezi. Mwambie aende hospitali kwanza, mimi naacha. Kazi zipo nyingi."

"Anasema anaacha," Atupele akamwambia mumewe, hatua tano tu kutoka kwake.

"Mwambie akipanda gari kabla hajamaliza, nitageuka nimtazame."

Atupele alimfikishia. Winfrida akashika mdomo wake uliopasuka. Miaka yote ile ya kukohoa nyuma ya mgomba, na sasa mzee anamtishia kwa macho. Na alijua kabisa kwamba atafanya, na kwamba akishafanya ataona haya mpaka kaburini. Akajifunga kitenge kichwani, akamwita Reuben shahidi, wakashuka mtoni kwa kamba. Akagonga vyuma, akapima nguzo iliyoinama, akaingiza mkono mpaka begani kwenye tundu ambalo watu wa Obed walikuwa wamelichimba chini yake. Akapiga picha. Kila mara alitema damu majini. Juu, mzee alikuwa ameketi wima, na Atupele amemwegemeza kwa nyuma, kifua chake kwenye mgongo wake, anausikia moyo unavyoanza kurukaruka kama kuku aliyefungwa miguu.

"Bado?" aliuliza Asajile.

"Bado kidogo."

"Bado?"

"Anapanda."

"Umemfunika?"

"Nimemfunika."

Ndipo mzee akalala.

*

Mkono waliukata Igogwe, jioni ileile. Obed alipelekwa hukohuko, wodi nyingine, na askari mlangoni.

Ijumaa kampuni ya Winfrida ilipeleka maombi, peke yake, na ikashinda, maana hata katika mbio za kobe lazima mmoja afike. Lakini kabla mkataba haujatiwa saini, ile kampuni iliyoishia kwenye andazi ikapeleka malalamiko mkoani. Walisema mwenyekiti wa kamati ya daraja ni mkwe wa mhandisi. Kwamba walipanga pamoja, wakashauriana kwa siri, na kwamba wahuni wale walitumwa na mzee ili wengine waogope. Ikithibitika, zabuni inafutwa. Zabuni ikifutwa, fedha inahama.

Kwa hiyo mwanasheria wa mkoa akaja wodini, dada mmoja mkali aitwaye Aika, pamoja na Reuben. Atupele alikuwa amekaa kitandani miguuni pa mumewe. Lile la kukatana mapanga lilikuwa rahisi kuliko hili.

"Mzee, utaapa kwanza," alisema Aika. "Inua mkono wa kulia."

"Haupo."

Aika akakiona kigutu. "Basi wa kushoto. Unamfahamu mhandisi wa kampuni hii?"

"Ni mke wa mwanangu."

Reuben akafumba macho. Atupele akakamata shuka.

"Vizuri, hufichi. Mlizungumza lini kuhusu zabuni?"

"Sijawahi kuzungumza naye."

"Hata kwa simu?"

"Simu si ina sauti?"

"Mzee, ana miaka mingapi kwenu?"

"Tangu mjukuu wa kwanza yuko tumboni. Sasa huyo mjukuu anaendesha baiskeli."

"Na hujawahi kuzungumza naye." Aika aliweka kalamu chini. "Nieleze basi yukoje. Mrefu? Mfupi?"

"Muulize Mama Godwin, yeye anamjua. Mimi nilikiona kiatu. Cha njano."

"Mzee, mimi si mtoto."

Aika aliinuka, akaenda mlangoni. Winfrida alikuwa koridoni, ameleta uji, mdomo umeshonwa nyuzi. Kabla Atupele hajasema lolote, mwanasheria akasukuma mlango wote, akaita kwa sauti ya mahakamani, "Mhandisi! Ingia hapa!"

Winfrida alikohoa, lakini alikuwa ameshaingia.

Asajile alijirusha. Alivuta shuka kwa ule mkono mmoja, akajifunika kichwa kwa nguvu hivi kwamba sindano ya dripu ilichomoka, chuma cha dripu kikaanguka kikamgonga Reuben kisogoni, chupa ikapasuka sakafuni, na kigutu chake, kwa kusahau kwamba si mkono tena, kikajipiga kwenye kitanda. Shuka likaanza kuloa damu. Chini yake mzee alitoa mlio wa mnyama mtegoni, lakini hakufunua hata kidole cha mguu. Winfrida naye alikuwa amejibanza ukutani, uso umefunikwa na mfuko aliobebea uji.

Wauguzi wakaja mbio. Aika alisimama katikati ya maji, damu na vioo, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine. Kwao Kilimanjaro hakuwahi kuona kitu kama hiki.

"Andika," alimwambia Reuben, ambaye alikuwa anajishika kichwa. "Malalamiko hayana msingi. Mkataba utiwe saini." Kisha akasema polepole, kama anayejisemea, "Hawa wangeshauriana lini?"

Wauguzi walimfunga upya. Winfrida alitolewa, lakini alisimama nyuma tu ya mlango, kivuli chake kinaonekana kwenye upenyo. Aika alikuwa anakusanya karatasi zake.

Sauti ikatoka chini ya shuka, dhaifu lakini imenyooka. "Mama Godwin. Bado yupo?"

"Yupo mlangoni. Nyamaza."

"Basi mwambie. Ile nguzo iliyoinama asihangaike kuinyoosha. Aing'oe, aweke mpya. Na upande wa Igogwe apandishe..."

Atupele alimrukia, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, shuka na yote, akakandamiza kama mtu anayezuia sufuria isifurike.

Aika aligeuka. "Mzee anasema nini?"

"Anasali," alisema Atupele.